Konzi ya Mungu

Mwaka mianzi ilipochanua vilima vyote vya Mizoram,
mama hakuona maua.
Aliziba matundu ya ghala kwa matope na vigae,
akalaza jiwe juu ya kifuniko cha debe,
akasema: wanakuja.

Wakaja. Panya kama maji yaliyopasua ukingo.
Usiku mmoja tu, na mpunga wa baba
uliobakiza wiki mbili kuvunwa
ukawa mabua yaliyosimama bila vichwa.
Baba alirudi na mundu mkavu,
akautundika ukutani
kama mtu anayetundika koti baada ya mazishi.

Sasa, kwa asiyeijua desturi yetu:
kila mama wa kanisa, kabla ya kuinjika chungu,
huchota konzi moja ya mchele
akaitia katika kopo lililo kando ya jiko.
Hiyo ni ya Mungu.
Asubuhi konzi, jioni konzi.
Jumamosi wanawake hupita na kapu mgongoni,
hupokea, huandika, huenda zao.
Si sadaka ya makombo. Hutoka sisi hatujala.

Novemba debe likaanza kutoa sauti.
Debe tupu haliachi kuvuma, wasemao husema;
letu lilivuma kila kibati kilipogusa chini.
Mama akasimama, mkono ndani, muda mrefu.
Kiganja chake kilikuwa kipana, cha mwanamke wa jembe.
Kisha akaita: "Saptawni, njoo.
Leo wewe ndiye utakayempimia Mungu."

Nilikuwa na miaka mitano.
Konzi yangu ilibeba punje ngapi?
Na nyingine zilidondoka, akaziokota moja moja
akazirudisha debeni. Si koponi.

Akafumba macho, akashukuru.
Hakushukuru kwa njaa;
mama hakuwa mtu wa kumdanganya Mungu kwa maneno
hata siku aliyompunja kwa mkono wangu.
Alisema: Asante, moto umekubali kuni mbichi.
Asante, panya hawali chumvi.
Asante kwa huyu, na kiganja chake kidogo.
Akacheka peke yake, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikageuka kitu kingine,
akainama kupuliza jiko ili tuseme ni moshi.

Jumamosi Bi Biakveli akaja na kapu.
Akachungulia kopo. Akautazama mkono wangu.
Hakuuliza neno. Akaandika jina letu daftarini
kwa herufi kubwa sawa na za wengine.

Sitasema debe lilijaa. Halikujaa.
Tulichimba viazi mwitu mpaka kucha zikang'oka.
Mdogo wangu Kapzauva hakuiona Pasaka,
na usiku ule mama hakutoa asante yoyote.
Alikaa tu kando ya kopo, mgongo ukutani.
Asubuhi akaniita. Nikachota.

Leo amelala upande wa dirisha.
Kiharusi kimemkunja vidole vya kuume
kama aliyeshika kitu asichotaka kidondoke.
Mchele upo, wa dukani, mweupe, wa kutosha.
Kila jioni nasogeza debe karibu na kitanda,
nauchukua mkono wake uliofumba, nauzamisha, nautoa.
Hutoka na punje tatu, nne,
zilizonaswa kwenye mikunjo.
Nazitia koponi upesi, kabla hazijaanguka.
Kisha nachota yangu, pana sasa kama yake ya zamani,
nikisema moyoni: nalipa deni.
Midomo yangu lazima ilisogea,
maana mama alinikodolea jicho lile zima.
Nimekosea neno.

"Sema," akaniambia kwa mdomo uliopinda.
Nami nikatafuta, na jioni hii natafuta tena,
la kweli la kusema.
Moto umekubali.
Chumvi ipo.
Mkono huu bado unaijua njia ya kopo.