NA, AU, SI

Jumanne, saa moja jioni, mjini Liberec.
Theluji ya Machi imekuwa tope kwenye zulia la mlangoni,
na mama mmoja amesimama mbele ya meza yangu
kashika kofia ya sufu kama aombaye radhi.
"Mimi si mwanafunzi," akaanza.
Nikamwambia: kiti hakiulizi shahada.

Drahomíra Kubištová, mpishi wa shule, miaka sitini na miwili.
Babake alisaga vioo kiwandani, kule bondeni,
akirudi kila jioni na nyusi nyeupe za vumbi,
hadi akafa akikohoa, bintiye yuko darasa la tano.
Cheti kilisema: moyo.
"Nataka kujua kama ni kweli. Ni hilo tu."

Akaandika kwa kidole kimoja:
*kwa nini baba yangu alikufa.*
Hifadhidata ikajibu kwa adabu zake zote:
matokeo laki tatu na elfu sitini.
Akacheka. Nami nikacheka.
Kisha tukaacha kucheka.

Mashine hii, nikamweleza, haisikii swali.
Inajua maneno tu, na viungo vitatu vya kuyaunga.
NA hupunguza: vumbi NA mapafu,
wabaki wenye vyote viwili.
AU hupanua: kioo AU fuwele AU silika,
kwani wataalamu hawakukiita kitu
kwa jina mlilokiita ninyi jikoni.
SI hufukuza. Itumie kwa woga,
usije ukamfukuza unayemtafuta.
Na maneno yasiyotaka kuachana
yashike kwa alama za kunukuu, huku na huku,
kama mtoto anayevushwa barabara na wazazi wawili.

"Kumbe ni chumvi," akasema. "Unatia, unaonja."

Elfu nne.
Mia tisa.
Tukabana miaka. Sitini na moja.
Tukasoma mihtasari, midomo yake ikicheza bila sauti:
panya wa maabara wa Osaka,
wachonga mawe wa Vermont.
Akawahurumia wote, hata panya.

Ya kumi na saba ilikuwa ya huku kwetu.
Wasaga vioo sabini na wawili, Bohemia ya kaskazini,
mwaka sabini na tano, kurasa nane,
mwandishi daktari Oldřich Macháň.
Nikabofya. Mlango ukadai euro arobaini na mbili
kwa ruhusa ya kusoma siku moja.
Drahomíra akafungua pochi.
Funga, nikamwambia,
nikamwandikia Zdislav wa Brno,
alindaye majarida chini ya ardhi
na ambaye namdai bia mbili tangu mwaka juzi.

Alhamisi zikaja picha za kurasa,
ya sita imepinda,
kivuli cha dole gumba la Zdislav pembeni.

Jedwali la pili. Majina hakuna.
Namba, umri, miaka kazini, hali ya mapafu.
Akateremka na rula yangu, mstari kwa mstari.
Thelathini na nane: mwanamume, miaka arobaini na moja,
kumi na tisa kwenye jiwe la kusagia,
mapafu yote mawili.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
*Na. 38 ameuliza kama ataweza tena kupiga akodiani.*

Rula ikasimama.

Nje tramu ikapita. Ikapita nyingine.
"Kwa hiyo alijua, huyu daktari."
Alijua, nikasema. Aliandika.
"Wangapi wameisoma?"
Nikatazama hesabu pembeni mwa kioo cha kompyuta:
imenukuliwa mara mbili.
Sikuwa na jibu la kuongeza,
na hifadhidata pia haikuwa nalo.

Aliomba nakala mbili, moja ya kaka yake.
Akalipa kwa sarafu, akizihesabu kama mtu wa sokoni.
Ile ya maktaba akaivuta karibu,
akaandika kwa penseli, pembeni mwa thelathini na nane:
*Bohumil.*

Kanuni ya nyumba hii ni kwamba nyaraka haziandikwi.
Nilimpa kalamu ya wino.

Kijana mmoja akauliza printa iko wapi.