Sumaku ya Redio

Kemirembe, leo nimechoma tena maganda ya matoke,
yale ya jikoni kwa Mama Barungi, nyuma ya hosteli.
Tanuri ikayanyima hewa, ikayarudisha
meusi, mepesi, unga usio na kishindo.
Nikaulisha chuma.
Hapa Mbarara umeme una tabia ya mgeni mkorofi,
huingia bila hodi, hutoka bila kwaheri;
basi napika usiku, nikiuvizia.

Uliniuliza wodini, kitambaa cha kijani
kimefungwa juu ya kichwa kisicho tena na nywele:
"Uvimbe uko titi la kushoto.
Mbona dawa inanipiga hadi kucha?"
Sikuwa na jibu. Dawa ile ni mvua ya mawe,
haiulizi shamba ni la nani.

Mimi natafuta barua yenye anwani.
Punje ambazo elfu moja zingejipanga
katika unene wa unywele mmoja
(wa zile nilizozifagia chini ya kitanda chako),
kila punje imeficha dawa kwenye vitundu vyake,
na chuma moyoni, ili iitwapo itike.

Sumaku ni ya redio ya baba, ile iliyokufa
ikitangaza bei ya kahawa. Nimeing'oa kwenye spika.
Nikaisogeza ubavuni mwa kioo:
wingu jeusi likasita, likageuka,
likaja likasimama ukutani
kama Bihogo, ng'ombe wa babu, akiitwa jina.
Maji yakabaki maangavu.
Nilicheka peke yangu, saa nane za usiku.

Ila na hili lazima nikwambie.
Kioo si mwili. Kwa panya wangu kumi na wawili
nusu ya unga iliishia kwenye ini,
na mvuto wa spika haufiki ndani ya kifua cha mtu.
Profesa Tumuhairwe anasema miaka kumi,
na hapo amejitahidi kuwa mkarimu.
Wewe una duru ya tano Alhamisi.

Alhamisi nitakuja na bushera kwenye chupa ya chai,
ndimu ya kichefuchefu,
na sumaku mfukoni, sijui kwa nini.
Mara ile uliichukua, ukaiweka juu ya titi,
ukasema, "Njoo basi."
Muuguzi akadhani unaomba, akainamisha kichwa.

Kilichokuja
ni pini ya kitambaa chako.