Kiti cha Mkono Mmoja

Nimeipima roshani kwa khanga:
upana khanga moja, urefu moja na pindo.
Bahari haionekani hapa Chumbageni, ghorofa ya tatu.
Naona mgongo wa ghala, bati lenye kutu,
na kunguru mmoja anayenitazama
kama karani anayesubiri nitaje jina.

Nyumba ya Ngamiani imeuzwa.
Tuligawana kwa kalamu na kwa adabu,
kaka zangu wawili, na mimi nusu ya mmoja wao,
na juu ya nusu yangu nikaomba kiti cha baba.
Wakacheka: kichukue, kina kunguni wa enzi za mkonge.

Kikapanda ngazi, kikapita sebuleni,
kikagoma kwenye mlango wa roshani.
Tukakilaza, tukakisimamisha, tukakipindua miguu juu,
hata fundi Semkiwa akachomoa penseli sikioni:
"Dada Mwantumu, ama mlango, ama mkono."

Mlango ni wa mwenye nyumba.
Nikasema mkono.
Wa kushoto. Wa kulia ndio aliokuwa akiweka kikombe,
duara la chai bado lipo,
halitoki kwa msasa wala kwa dua.
Msumeno ulipoanza khwi, khwi, khwi
nilikwenda jikoni nikafungua bomba bila sababu.

Sasa kipo. Ubavu uliokatwa umeegemea ukuta,
huwezi kujua mpaka ukae.
Kando yake meza ya bawaba, hukunjwa kama barua,
kopo la mrehani, kopo la pilipili,
stuli ya plastiki ya buluu kwa atakayekuja
(sijui nani; muuzaji alisema ni bei ya kutupa)
na jiko.

Jiko la gesi, la kuchomea, lenye kifuniko
na magurudumu mawili yasiyo na pa kwenda.
Mkaa ni marufuku, mkataba umesema, kifungu cha tisa.
Kijana wa dukani alinifundisha:
paka povu la sabuni kwenye mpira,
likitoa mapovu mapya, funga, usiwashe;
likitulia, bismillahi.
Nikapaka. Nikainama kama zamu za usiku wodini,
ninapotega sikio kifuani kwa mtoto.
Likatulia.

Jumapili nikaweka vibua wanne,
chumvi, kitunguu saumu, ukwaju kidogo.
Nikazungusha kitufe, tik, tik,
moto ukaja wa samawati, hauna majivu,
hauna moshi wa kumliza mtu,
na machozi yakaja hivyo hivyo, bila kusaidiwa.

Halafu: tss.
Tone. Tss. Jingine.
Nikainua kichwa: kanzu tatu, ghorofa ya nne,
zimeanikwa hazikukamuliwa.
"We wa juu! Huku chini kuna watu!"
"Na we wa chini! Kanzu za watu zitanuka samaki!"
Kunguru akahama.
Nikafunika jiko. Nikakaa,
mkono wa kulia juu ya duara la baba,
wa kushoto haukuwa na pake, nikaupakata.

Vibua wakaendelea kunong'ona ndani ya kifuniko.
Kisha kitu kikashuka mbele ya uso wangu,
taratibu, kikizunguka kwenye uzi wa cherehani:
ndimu. Moja. Bado ina jani.

Sikutazama juu.
Naye, nadhani, hakutazama chini.
Nikakata uzi kwa meno,
nikasema kwa sauti ya mtu anayeongea na samaki wake,
"Vibua ni wanne. Tumbo langu ni moja."

Uzi ukapanda mtupu.
Kitambo. Kitambo kirefu, nikajuta.
Kisha mlango wa juu, kisha kandambili ngazini,
pata, pata, zikisita kila kituo,
nami nimesimama na stuli mkononi
nikitafuta mahali pa kuiweka
penye upana wa khanga moja.