Fomu ya Kangagani

Fomu inataka jina, tarehe, makazi ya mmea.
Tarehe nimeshaandika.

Fungu la kwanza Mkasi alilitazama, akamtupia mbuzi.
"Hayo matete. Huoni mafundo?
Tunayemtaka hana fundo,
toka topeni hadi kishungini."

Fungu la pili hakulitupa.
"Hapa umekaribia. Ndago huyu, mdogo wake,
mwizi wa mashamba ya muhogo.
Mng'oe leo, kesho anakuamkia."

Mara ya tatu nilirudi mikono mitupu,
tope mapajani, ruba kisiginoni.
Alicheka mpaka ukili ukamponyoka.
Kisha akachomoa bua moja kwenye makuti ya ukumbi,
akanipa. "Fumba macho. Libiringishe."

Nikalitia baina ya kidole gumba na cha shahada.
Likagoma.
Likakwama, likaruka, likakwama:
pembe, pembe, pembe.

"Majani ya mbuzi ni duara," akasema.
"Kangaga ana pembe tatu, na ndani sufi tupu.
Mkeka wake ukiulalia kiangazi
unanuka mvua ya mwaka jana."

"Na anaota wapi?" Kalamu tayari.

Bonde lote mbele yetu lilikuwa mpunga, mistari ya kamba.
Upande wa pwani chumvi ilikwisha panda,
mikandaa michanga imeingia bila hodi.
Kijiji kimebaki na jina,
kama mfuko wa duka lililofungwa.

Mkasi akavaa ndara. "Twende."

Nyuma ya msikiti, bomba la plastiki
linapotemea maji ya udhu,
mabua kumi na saba (nilihesabu mara mbili)
yamesimama kwenye dimbwi
lisilozidi mkeka wa watu wawili.
"Kwa siku hunywa mara tano," akasema.
"Ijumaa hushiba."

Nilitoa kisu. Akanishika mkono.
"Chora."

Nikachora. Pembe hazikutoka sawa,
moja ilikuwa nene, nikaifuta, karatasi ikatoboka.

Fomu ninayo bado. *Makazi ya mmea:*
mstari mmoja, nafasi ya maneno matatu.
Kinamasi? Bonde? Maji baridi?

Siku ile nilipokuwa nawaza hivyo
mtu asiyeonekana, ndani, alifungua mfereji.
Bomba likakohoa.
Mabua yakatikisika kidogo,
ya mbele kwanza.