Kiatu cha Kulia

Katika daftari la mizani ya kahawa, mwaka hamsini na tatu,
kati ya magunia ya Kibosho na magunia ya Marangu,
karani ameandika kwa wino wa buluu:
"Ndekirwa, mawili. Sisi mawili, Reli sifuri."
Chini yake: ratili mia na thelathini, unyevu umezidi.

Hayo ndiyo maandishi yote ya babu yangu mchezaji.
Picha hana. Kombe liliibwa, au halikuwepo.

Viatu vilikuwa jozi moja kwa watu wawili:
babu alivaa cha kulia, Kaanaeli cha kushoto,
na mguu wa pili wa kila mmoja
ukabaki na ngozi aliyozaliwa nayo.
Walivinunua kwa fundi jirani na stesheni ya Moshi,
nusu kwa nusu, kwa mikungu ya ndizi na deni.
Wakipanda pamoja pembeni mwa uwanja, watu walicheka:
"Tazama, mtu mmoja, vichwa viwili!"
Pasi ilifika kabla jicho halijaiomba.

Kisha Arusha wakamwita Kaanaeli.
Kazi ya gereji, kitanda, mshahara.
Akaenda na kiatu chake.

Mechi ya Mei, masika, uwanja umekuwa machicha.
Moshi walishuka kwenye lori la kahawa, jezi zikinuka maganda.
Dakika ya sabini
(bibi husema sabini, mjomba husema ni mwanzoni tu)
mpira ukakwama dimbwini.
Wakauendea wote wawili,
kulia na kushoto,
jozi ikakutana tena.
Goti lilisikika hadi kwa wauza miwa.

Misimu mitatu, basi, mpira ukaisha.
Miaka arobaini na moja ya mizani:
akiinua gunia anauma mdomo,
akiteremka kihambani anateremka kinyumenyume.

Kaanaeli alileta isale, jani limepigwa fundo.
Isale halirudishwi.
Babu akalipokea kwa mikono miwili,
akapanda shina lake mpakani, penye mfongo,
na hakumsemesha Kaanaeli hadi kufa.
Ila kila kiangazi nilimwona, na kopo la maji,
akilinywesha lile isale kwanza, migomba baadaye.

Juzi nimekikuta kiatu darini. Panya wamekula kamba.
Nimeingiza mguu, kikanibana kwenye kidole gumba.
Kumbe alikuwa na mguu mdogo,
mtu huyu
niliyemwogopa utoto wangu wote.