Mstari wa Saa Nane

Daftari lina safu tatu: saa, hali, sahihi.
Nimelirithi pamoja na koti la mvua
na funguo saba. Mbili hazifungui kitu.

Semahane alikuwa na mwandiko wa shule ya mapadri,
herufi zimelalia upande mmoja
kama mahindi baada ya upepo.
Usiku ule aliandika:
saa sita, nzuri. Saa saba, nzuri. Saa nane, nzuri.
Tisa, kumi, kumi na moja, nzuri.
Alfajiri wakamtoa kwenye shimo la vali,
na daktari akasema huyu amepoa tangu saa nane.

Basi maiti alitia sahihi mara tatu.

Hapana. Sote tuliandika mapema, jioni,
taa ingali na nguvu,
kwa kuwa bwana mkubwa hapendi safu tupu.
Lakini mezani kwa wakili daftari likashuhudia
marehemu alikuwa mzima hadi kumi na moja,
na Mwamini, mjane wake, akarudishiwa redio na viatu.

Huku Keshero mazuku hayabishi hodi.
Hayana harufu. Hujaa mabondeni
kama maji yasiyolowesha.
Mbuzi hutangulia, kwa kuwa mbuzi ni mfupi.
Mimi hushusha mshumaa kwa kamba;
ukizimika, sishuki, na Himbi wangoje maji.
Hilo kampuni haikunifundisha.
Nilionyeshwa na mama muuza makala, bure.

Mkataba wangu una kurasa nne.
Mlinzi hataondoka. Mlinzi hatalala. Mlinzi atajibu simu.
Nimetafuta ni nani atakayepiga hiyo simu.
Nimegeuza karatasi hata nyuma:
nyuma kuna doa la chai.
Inspekta wa kazi alikuja mara moja. Alisema sheria ipo,
mwajiri ana wajibu, mtu wa peke yake aulizwe hali;
akalipigapiga begi lake kana kwamba sheria imelala humo,
akapanda pikipiki kabla ya mvua.

Basi nimetunga yangu.
Naandika kila saa kwa saa yake,
na saa nane naacha mstari mtupu.
Sijalala. Nipo, nautazama.
Ni makusudi: asomaye asubuhi ashtuke,
apande hadi huku kwenye mawe meusi,
aulize, We Bahizire, saa nane ulikuwa wapi?

Leo ni usiku wa arobaini na tatu.
Chini ya kila ukurasa kuna muhuri wa ofisi:
Imekaguliwa.