Hesabu ya Ishirini

Mbili zimekaa rafuni, zimegeuziana midomo
kama mawifi waliokosana harusini.
Ya petroli, nyekundu, ina kamba ya kuvuta
na harufu niijuayo kuliko marashi yangu.
Ya betri, kijani, nyepesi kama mkoba wa shule,
na chaja yake ubavuni.

Kijana wa duka, Dewey, mwingi wa chunusi na adabu,
anazinadi kama mtu anayeposea dada zake:
hii ina nguvu, mzee, hata majani yaliyolowa hayaiwezi;
ile haina moshi, haina oili, haina makelele,
unabonyeza tu.

Unabonyeza tu!
Mimi niliyevuta kamba miaka ishirini na sita,
vuta, kohoa, vuta, tukana, vuta,
hadi Novemba ile nilipovuta, kifua nacho kikanivuta.
Hospitali kuu ya St. Paul wakanitia kijibomba moyoni.
Daktari akasema, Bwana Lindqvist, kamba sasa basi.
Nikaitikia.
Mwezi wa nne nilikuwa naivuta tena.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya moyo.
Nimekuja kwa ajili ya Pa Kou, jirani yetu,
muuguzi wa zamu za usiku,
anayelala saa ambazo sisi tunachemsha kahawa.
Jumanne alitoka pekupeku, nguo za kulalia, nywele timutimu,
akaketi kwenye ngazi yake akanitazama.
Hakusema neno.
Angesema, ningejitetea.

Nyuma yangu Signe ameukumbatia mkoba wake.
Nilijua atakalolisema; mke wangu huyu
aliyewahi kuficha dumu la petroli nyuma ya mashine ya kufulia,
aliyeniambia mbele ya mchungaji
kwamba siku ya kiyama tarumbeta haitasikika
kama mimi niko uani.

Akasema, “Chukua ya petroli.”

Nikageuka. Akaitazama misumari, akazitazama tochi,
akaisoma bei ya ndoo kana kwamba anaihitaji ndoo.
“Nikiwa jikoni naisikia,” akasema.
“Ikinyamaza, naanza kuhesabu.
Nikifika ishirini haijanguruma, navaa viatu.”

Umevivaa mara ngapi?

“Nyingi. Huwa unajaza mafuta.”

Dewey akapata kazi ya ghafla kwenye rafu ya rangi.

Husemwa kimya kina mshindo,
nami nilidhani ni maneno ya kupambia hotuba.
Kumbe miaka mitatu hii sikuwa napuliza majani.
Nilikuwa napeleka habari jikoni,
nipo, nipo, nipo,
na kila nilipoinama kufungua kifuniko cha tangi
mtu alikuwa ananizika kwa tarakimu,
kumi na saba, kumi na nane,
sinki limejaa, bomba halijafungwa.

Tulinunua ya betri.
Dola mia mbili na tisini, betri ya akiba mbali; wizi mtupu.
Kufika nyumbani, haina chaji hata chembe.
Saa mbili nimekaa gereji nakitazama kitaa chekundu
huku mwaloni unamwaga tu, hauna habari na mipango yetu.

Kisha nikabonyeza.
Sauti yake ni ya mtu anayepoza uji.
Pazia la Pa Kou halikutikisika.

Nikapiga mluzi, kama tulivyoafikiana garini.
Najua wimbo mmoja, na huo nao nusu,
na meno haya ya bandia yanaupeleka yatakako.
Nikaenda nao ukingo wa ua, nikarudi nao,
majani yakitangulia mbele kama bata.

Kwenye kona ya gereji nikakuta glavu ya mtoto,
ndogo, ya sufi, imelowa.
Nikaiokota, nikawa najiuliza ni ya nani,
mtaani kwetu mtoto ni nani siku hizi,
nikasahau mluzi.

Nilipoinua macho, Signe yuko mlangoni,
ameshika fremu kwa mkono mmoja,
kiatu kimoja tayari mguuni.